Nilidhani binti yangu anajifunza kupika keki, kumbe anajifunza kuosha maiti

Wakuu, salamu zenu wote, wa bara na wa pwani.

Mimi humu ni msomaji. Nasoma mnavyogombana, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani na halitaki kushuka.

Ni kweli tupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Mji wa Kale ni mdogo. Ukipiga chafya Ndia Kuu, unaombewa rehema Kuze.

Nianze na ugonjwa wangu: mimi na miradi ya vijana hatupatani.

Nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na miradi nimeiona ya kila rangi. Inakuja na bango, fulana, soda na mpiga picha. Vijana wanaambiwa wao ni viongozi wa kesho, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani vile vile walivyotoka, ila wana fulana. Zile fulana kwangu ni matambara ya kupigia deki. Zinafyonza maji vizuri, hilo siwanyimi.

Sasa nina binti, Nasra, miaka kumi na sita. Likizo iliyopita alikuwa analala na simu, anaamka na simu. Jirani akaniambia kuna darasa la vijana ghorofani, juu ya duka la viungo, mtaa wetu huu huu. Limeanzishwa na akina mama wa hapa hapa. Wasichana wana siku zao na wavulana zao. Wanafundishwa kushona, keki, huduma ya kwanza, kuuguza mgonjwa.

Nikauliza kama kuna bango. Akasema hakuna hata kibao mlangoni.

Haya, nikasema, afadhali keki kuliko simu.

Na keki alizileta nyumbani, msidhani alinidanganya. Moja ilikuwa ngumu, ungeweza kujengea ukuta. Kila akirudi nilimuuliza, "Leo mmepika nini?" Ananijibu, naendelea na yangu.

Msimamizi wa darasa ni Bi Zubeda. Huyu lazima niwaeleze.

Kwa wasiojua: kwetu Waislamu maiti huoshwa na kuvishwa sanda kabla ya kuzikwa. Mwanamke huoshwa na wanawake, na maziko hayacheleweshwi. Kila mtaa una wanawake wanaoijua kazi hiyo. Kwetu walikuwa wamebaki wawili, Bi Zubeda na Bi Rehema, wote watu wazima sana. Kisha Bi Zubeda akapata kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala.

Tulimpa pole, tukaendelea na maisha. Hakuna aliyejiuliza, basi nani atafuata.

Mamangu alikuwa ameugua muda mrefu na alikuwa akikaa kwangu. Asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri nikampelekea chai, nikamkuta ameshaondoka.

Sauti niliyoitoa sitaki kuieleza hapa.

Kakangu Athumani ni mtu wa mbio. Kabla chai ile haijapoa alishafika msikitini, na tangazo limeshatoka: maziko baada ya swala ya adhuhuri. Akarudi nyumbani kifua mbele, jambo amelimaliza. Ndipo akauliza, "Bi Rehema yuko wapi?"

Bi Rehema alikuwa Lamu, kwa bintiye.

Wakuu, hili ni kosa la kwetu sisi. Tunatangaza maziko kabla hatujauliza nani ataosha, kwa sababu tangu tuzaliwe muosha yupo tu. Ukimwita anakuja. Hatukuwahi kufikiri kwamba muosha naye huzeeka na husafiri.

Simu zikaanza kupigwa. Muosha mmoja wa Kisauni alikuwa kwenye msiba mwingine, mwingine hashiki. Huku nje baraza limejaa wanaume, viti vinashushwa, jamaa wa Malindi wako njiani. Shangazi akapendekeza tusogeze hadi alasiri. Athumani akashika kichwa. "Nishawatangazia watu, shangazi! N'tawaambia nini?"

Kisha nikaona wanawake wote waliokuwa ndani wananitazama mimi.

Maana mimi ndiye binti wa pekee. Haki ya kwanza ya kumwosha ilikuwa yangu. Na mimi nilikuwa nimekaa jikoni nimeshikilia meza, siwezi kuinuka. Kuosha sikujua, hilo ni kweli. Lakini lililonifunga hasa ni woga. Niliogopa kumgusa mamangu. Mtu aliyenizaa, jana nilimlisha uji kwa mkono huu huu, leo naogopa kumgusa.

Ndipo Nasra akaingia jikoni, macho yamevimba.

"Mama, n'taosha mimi."

Nikamkemea. Nikamwambia aende akakae na wenzake, hii si keki.

"Najua si keki, Mama. Sisi twafundishwa. Niruhusu nimpigie mwalimu."

Shangazi akanitazama, nikamtazama shangazi. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Haikupita muda, tuk-tuk ikasimama mlangoni. Akashuka Bi Zubeda na fimbo yake. Nyuma yake wasichana watatu, buibui zimefungwa vizuri, mmoja amebeba mkoba. Ndani ya mkoba kuna glavu, pamba, kafuri, majani ya mkunazi na sanda imeshakatwa vipande vyake. Wakafuata wavulana wa darasa lile lile na kitanda cha kuoshea walichokitoa msikitini, na mkokoteni wa maji, maana mifereji yetu mnaijua, siku ya haja ndiyo hukauka.

Wavulana wakaingiza kitanda na mitungi ya maji, wakatundika mashuka madirishani kwa nje, wakaondoka bila kurusha jicho ndani. Hakuna aliyewaamuru. Hawa ndio vijana ninaowapigia kelele kila jioni kwa mpira wao kugonga mlango wangu.

Bi Zubeda akaketi kwenye kiti pembeni mwa chumba. Akasema, "Mkono wangu hauwezi tena. Mikono ni yao, mimi n'tatia mdomo tu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, waingia. Hawa hawaoshi badala yako. Waosha pamoja nawe."

Nikasema siwezi.

Hakunibembeleza wala hakunilaumu. Nasra ndiye aliyekuja, akanishika mkono, akanivisha glavu kidole kwa kidole, kama nilivyokuwa nikimvisha soksi za shule. Nikajikuta nimeingia.

Ya chumba kile mengi sitayasema. Sheria ya kwanza ya Bi Zubeda ni kwamba kinachoonekana mle kinabaki mle. Nitasema ya waliokuwa hai tu.

Wakuu, wale watoto walikuwa wakizungumza na mamangu.

Kila jambo kabla ya kulifanya walimwambia kwanza. "Bibi, twakufunika." "Bibi, twakumwagia maji, ni ya uvuguvugu." "Bibi, nakuinua mkono wa kulia." Kwa sauti ya chini, ya adabu, kama mtu anayemhudumia mzee aliyefumba macho lakini anasikia. Mwili haukuachwa wazi hata kidogo, mikono yao ilipita chini ya nguo.

Mmoja wao ni Saumu. Huyu mnamjua hata kama hammjui, kila mtaa una Saumu wake. Akicheka pale kwa muuza viazi karai, unamsikia ukiwa chumbani umefunga mlango. Siku ile alikuwa akimimina maji taratibu hata sikusikia yakianguka.

Ikafika zamu yangu, nikaushika mkono wa mamangu kwa pupa, nataka yaishe. Nasra akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Polepole, Mama. Mimi nshalala pale. Mkono wa haraka wauma."

Sikumwelewa wakati ule. Baadaye nikaelezwa: kule ghorofani wanajifunza kwa kulala kwa zamu. Mmoja analala na nguo zake, anafumba macho, analegea, wenzake wanamfanyia yote bila maji. Wanamgeuza, wanamwinua, wanamfunga sanda. Akiamka anawaambia wapi pameuma, wapi ameogopa, wapi ameona haya. Bi Zubeda anasema maiti hawezi kukusahihisha, basi sahihishwa na aliye hai.

Nikaushika mkono wa mamangu upya. Polepole. Nikasema, "Mama, ni mimi." Na ule woga, wallahi, ukatoka. Sijui ulipitia wapi.

Nywele alichana Nasra. Mamangu alikuwa mtu wa hina, nywele nyekundu hadi siku ya mwisho. Zinatakiwa zisukwe mikia mitatu. Nasra akasuka wa kwanza, akasuka wa pili, kwenye wa tatu akakosea, akaufumua. Ni bibi huyu aliyemsuka yeye kila Jumapili tangu ana meno ya maziwa. Saumu akamwekea mkono mgongoni.

Bi Zubeda akasema kutoka kwenye kiti, "Lia, mwanangu. Ila chozi lisimdondokee."

Nasra akageuza uso, akajifuta begani, akamaliza.

Mamangu alipovishwa sanda na udi umefukizwa, Athumani akaitwa aje kuaga. Yule mtu wa mbio akasimama mlangoni, mbio zote zimemwisha. Akautazama uso wa mamake, akawatazama wale wasichana, akasema, "Allah awalipe, wanangu."

Adhuhuri ilipoadhiniwa mamangu alikuwa tayari. Wanaume wakambeba, sauti zao za tahlili zikashuka na uchochoro, sisi wanawake tukabaki.

Nilipogeuka kuwatafuta wale wasichana, nikawakuta wanapiga deki chumba. Wakaosha ndoo, wakakunja kanga, wakanawa. Kisha wakakaa kwenye ngazi wanakula viazi karai, na Saumu akacheka kile kicheko chake, halafu akajiziba mdomo kwa kukumbuka ni msibani. Watoto kabisa. Nikasimama pale nawatazama kama mgeni aliyeshuka melini.

Siku ya khitma, tulipomsomea mamangu Kurani, nilimuuliza Bi Zubeda wazo hili alilitoa wapi. Akaniambia si lake. Wao akina mama walikuwa wamepanga kushona na keki. Kisha mmoja akasema, hebu tuwaulize wenyewe wanataka nini. Akainuka Saumu. Akasema mamake alipofariki, watu wazima walimtoa chumbani, "wewe mtoto, toka," na mlango ukafungwa. Hakumwona tena. Akasema, "Mimi nataka nifundishwe, ili mwenzangu asitolewe."

Bi Zubeda aliniambia siku hiyo hiyo walimu walikubaliana kulifundisha.

Wazazi waliulizwa kama wameridhia. Mimi niliulizwa kwa ujumbe wa sauti, ule mrefu. Nikajibu "sawa, asante" bila kuusikiliza. Nasra nilipomuuliza mbona hukuniambia, akanijibu kwa adabu zote: "Mama, wewe huuliza mmepika nini."



Sasa funzo, maana najua humu mtanidai.

Miradi ya bango bado siipendi, msinichokoze. Lakini nimejua tofauti. Wale wengine huwaambia vijana watakuwa watu kesho. Kina Bi Zubeda wamewapa kazi ya leo, kazi nzito ambayo sisi wazima tunaikimbia, kisha wakakaa kitini wakawaamini. Nasra wangu si malaika. Simu bado anailalia na vyombo bado anaviacha. Lakini mtaani siku hizi kukiwa na mgonjwa, watu hugonga kwangu wakimuuliza yeye, na mimi ndiye hubeba ujumbe.

Wenye kwenu kuna darasa la namna hii, niambieni linaendeshwaje. Wanaoona ni mapema kwa watoto kufundishwa haya, semeni pia, nitawasoma wote bila hasira. Nitajaribu.

Kabla hamjaanza kuandika, la mwisho.

Wiki iliyopita nilipanda ile ngazi juu ya duka la viungo. Nilipeleka keki, ya kununua, nisiue watu. Nikawakuta wanajifunza, na aliyekuwa alale siku hiyo hakufika. Bi Zubeda akanitazama tu. Nikavua viatu, nikapanda kitanda chao cha ubao cha kujifunzia, nikalala, nikafumba macho.

Wahenga walisema muosha huoshwa. Nimeisikia tangu utoto na sikuwahi kuiwaza kwa mwili wangu huu.

Ubao ni mgumu na wa baridi. Mtu anafunikwa, hajui nani yuko upande gani. Woga ukaanza kunirudia, nikataka kufumbua macho.

Kisha mkono ukanigusa, mwepesi, na nikaujua. Sauti ikasema karibu na sikio langu:

"Mama, ni mimi. Nakuinua mkono wa kulia."

Nikalegea.