Tope la Handeni kwenye Rejeta

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Mkuu wa karakana ya shamba la mkonge, pale Korogwe, alinikabidhi dumu la maji nijaze rejeta ya trekta, yaani kile kisanduku cha mbele kinachopoza maji ya injini. Nikamimina.

"Yanapita wapi hayo?" akaniuliza. Akanionyesha kwa kidole, hozi kwa hozi, ile mipira ya maji, mpaka yanakorudia. "Usifungue injini ya mtu kabla hujajua maji yanapita wapi," alisema, kisha akaenda kunywa uji wake.

Baadaye nilihamishiwa karakana ya wilaya, Handeni. Mhandisi wetu alikuwa mkali wa usafi. Spana yenye grisi aliirudisha kwa mwenyewe aifute. Lakini kwenye maji hata yeye alilegeza kamba. Ukame ulipokaza, maji safi yalikuwa ya kunywa na kupikia, na ukiyamwaga kwenye gari uliitwa mwendawazimu. Magari yalikunywa maji ya lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, mekundu na mazito. Mimi yangu niliyachuja kwa kitambaa, nikajiona mjanja. Ndivyo nilivyolinywesha gari langu la kwanza na la mwisho, stesheni wagoni kuukuu niliyoinunua hukohuko. Ndilo lililompeleka mke wangu, Mama Zaina, hospitali kujifungua watoto wetu wote wanne.

Nilipostaafu tukahamia Kwamndolwa, kule Korogwe, na hapo aibu ikanikuta. Kila tulipopanda mlima wa Lutindi kwa shemeji yangu, dada wa Mama Zaina, gari lilichemka kwenye kona ileile. Fundi mmoja wa Manundu aliutazama mvuke akatoa hukumu: silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepasuka. Mnunuzi wa chuma chakavu akaanza kupitapita.

"Baba Zaina, tumelivumilia vya kutosha," mke wangu aliniambia. "Jumamosi nakwenda kwa dada. Likichemka tena, Jumatatu yule mtu alichukue."

Niliumia. Fundi wa maisha yote, gari langu liuzwe kwa kilo!

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Hedi ikipasuka, mara nyingi maji huingia kwenye oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Yangu ilikuwa nyeusi tu. Nikawasha injini ikiwa ya baridi, rejeta wazi, hakuna mapovu. Basi hedi ni nzima. Nikamkumbuka mkuu wangu: yanapita wapi?

Nikafungua hozi ya chini, nikasukuma maji ya bomba kwenda juu, kinyume na njia yake ya kawaida, ili kilichokwama kirudi kilikoingilia. Yakatoka mekundu. Siku ya pili, mekundu. Nikafungua kizibo cha ubavuni mwa injini, halikutoka hata tone, mpaka nilipochokonoa kwa waya. Likashuka tope la Handeni, nililoliweka mwenyewe kwa ujanja wangu wa kitambaa. Nilicheka peke yangu uani mpaka Mama Zaina akachungulia.

Nilirudia mpaka maji yakatoka meupe. Jumamosi Mama Zaina alipanda na dumu la maji safi mapajani. "La rejeta," alisema, bila kunitazama.

Mlimani mshale wa joto ulitulia katikati. Tulipoikaribia ile kona yetu, nilimwona ameshika kifuniko cha dumu. Tukapita. Nikapiga honi, mzee mzima, na hapakuwa na mtu barabarani.

"Leo hamkusimama njiani?" shemeji akauliza tulipofika.

Mama Zaina akampa dumu, bado limejaa. "Tupikie chai," alisema.

Ninyi mnaoanza kazi hii, kosa lenu linaweza kuwasubiri hadi uzeeni. Langu lilinisubiri, nami nililitoa kwa mikono yangu, na hakuna kazi niliyojivunia kuliko hiyo.

Jumatatu mtu wa chuma chakavu alipopiga hodi, alimkuta Mama Zaina akiosha kioo cha mbele.