Injinia, Jieleze!

Mdogo wangu tunamwita Injinia tangu anavaa kaptura, na si kwa sifa. Alifungua redio ikakataa kufungika, akafuata saa ya ukutani, akamalizia na pasi yangu. Kila kitu kilipoharibika, Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akatoa neno moja tu: "Jieleze!" Kabla ya kustaafu Mama alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na neno hilo alirudi nalo nyumbani kila jioni likiwa bado la moto. Hata paka akilisikia alihama chumba.

Sasa huyo Injinia yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea umeme, na kampuni moja ya kutengeneza majokofu imemwita kwenye usaili. Nafasi ni moja. Waliomtangulia kumaliza chuo bado wanazunguka na bahasha mpaka soli za viatu zimeisha, na akiikosa hii, naye ataingia kwenye msafara huo huo. Nilijiapiza haingii, labda mimi niwe sipo.

Basi nikageuza kibanda changu cha dobi, kilichoshikana na nyumba yetu, kuwa chumba cha usaili. Nikasukuma marundo ya shuka pembeni, nikaweka kiti kimoja katikati. Upande wetu tulikaa mimi, Mama, na fundi viatu wa jirani. Fundi alikuja na tai shingoni, juu ya fulana. Nilipomuuliza hiyo tai ya nini, akanijibu, "Dada, mimi hapa ni mkurugenzi. Niheshimu."

Injinia akaingia, suruali imenyooka (kazi ya mikono yangu hiyo), akasalimia vizuri, akakaa. Nikakohoa kidogo. Nilishaulizia kwa watu, wakaniambia wasaili wote huanza na neno lile lile. "Karibu, kijana. Tafadhali, jieleze."

Loo! Uso ukamshuka. "Dada, haki ya Mungu si mimi. Nimekikuta hivyo hivyo."

"Umekikuta nini?" fundi akauliza.

"Chochote kile."

Tulicheka mpaka fundi akalegeza tai. Lakini nilipomtoa nje akaingia upya, mambo yakawa yale yale. Akilisikia lile neno tu, mabega yanapanda, macho yanakimbilia sakafuni, mdomo unaomba msamaha wa kosa ambalo halijatendeka. Tuliporudia tena hakuna aliyecheka. "Majokofu nayajua nje ndani," akasema. "Ila nikiulizwa kuhusu mimi, najiona kama nimevunja kitu." Roho iliniuma, acha tu. Mama alikuwa anakunja shuka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Fundi akapendekeza tuwaombe wale wa kampuni watumie neno jingine. Mkurugenzi gani huyo! Nikasema hapana, doa limeingilia kwetu, tutalifulia hapa hapa.

Amri ikatoka: kuanzia siku hiyo, nyumbani kwetu "jieleze" ni kwa jambo jema tu. Injinia akipika wali ukachambuka, "Jieleze!", naye aeleze alivyoupika, bila samahani hata moja. Akitengeneza taa ya jirani, "Jieleze!" Aliyepata taabu kuliko wote ni Mama. Injinia alidondosha bilauri, Mama akafungua mdomo, nikamkazia macho, akaufunga, mashavu yamejaa. Mwishowe akasema, "Mwanangu, hebu... nisimulie." Fundi naye akawa anapita dirishani na kupaza sauti "Jieleze!" bila sababu yoyote, hata mtu akiwa anaoga. Kuna siku nilimmwagia maji ya sabuni.

Lakini taratibu mabega yakashuka. Jioni moja Mama alimuuliza kuhusu feni aliyoifufua, kijana akaongea huku mikono inaruka, chakula kikapoa, na Mama hakumkatiza. Alimsikiliza kidevu mkononi, kisha akamuuliza swali jingine, tena la maana. Mimi nilikuwa nimeshiba furaha, wala sikuona kama mchuzi umeganda.

Siku ya usaili nilimpigia shati pasi mpaka kola ikasimama yenyewe. Akaondoka. Nikabaki na nguo za watu, kila mteja aliyekuja nikimpa mzigo wa mwingine.

Simu ilipolia nilikuwa napiga pasi shati la mwalimu wa hesabu, mteja wangu mkorofi kuliko wote.

"Dada," akasema Injinia, "waliniambia nijieleze."

"Ehe? Ukasemaje?"

"Nikaongea mpaka yule mama aliyekaa katikati akaniomba nipumue. Dada, wamenichukua. Naanza nikishamaliza mitihani."

Sijui nilipiga ukelele gani. Najua niliruka, nikapiga vigelegele, nikapiga makofi, na pasi nikaisahau ilipo. Moshi ukaingia mpaka ndani. Mama akatoka mbio, akaliona shati la mwalimu lina tundu mgongoni, kubwa, jeusi. Mikono ikaenda kiunoni. Amri yangu yote ikapeperuka.

"Jieleze!"

"Injinia amepata kazi, Mama."

Mama akaliangalia shati, akaniangalia mimi. Akaketi pwaa juu ya rundo la nguo chafu.

"Rudia," akasema. "Jieleze tena."