Nilimkata Ndugu Yangu kwa Sababu ya Askari wa Kompyuta

Niseme mara moja kabla ujasiri haujaniishia. Mkono wa ndugu yangu niliukata mimi! Si msumeno, si bahati mbaya, si shetani. Mimi, kwa tezo la kuchongea la baba yetu, Jumamosi mchana, tukicheza mchezo wa kompyuta.

Cheka kama unataka. Hata mimi ningecheka kama ningeambiwa ni habari ya mtu mwingine.

Sisi ni wachongaji, Wakamba tuliozaliwa na kulelewa mtaa wa Mbotela, Nairobi. Baba alichonga twiga na vifaru maisha yake yote mpaka vumbi la miti likammaliza kifua. Alipoona siku zake zimekaribia, alituita kando ya kitanda. Mimi ndiye kifungua mimba. Nikajua tezo lake, lile dogo la mpini mweusi, ni langu.

Akampa mdogo wangu.

"Mkono wa huyu unaona," alisema, basi. Mimi nikabaki nimesimama pale kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Ndugu yangu nitamwita Mutua na baba nitamwita Nzioka, ingawa hayo si majina yao. Nilimpongeza Mutua, nikamshika bega. Mdomo ulisema hongera, lakini roho haikusema kitu.

Sasa nieleze huo mchezo, maana wengi hamtauelewa.

Kanisani kwetu alikuwapo padre kijana kutoka ng'ambo. Alipohamishwa, aliwaachia vijana wa parokia sanduku moja. Ndani mlikuwa na bodi kubwa yenye vyumba na vijia vya meli ya angani, dadu, kadi, na askari wadogo wa chuma waliovaa deraya nzito. Hadithi yake ilikuwa hivi: siku za mbeleni sana, meli kubwa imepotea katikati ya nyota, imejaa majoka yenye makucha. Askari wanaingia wachache, na wanatoka wachache zaidi.

Sisi tukauita Vita vya Juu. Tuliupenda, wee! Kila Jumapili baada ya mazoezi ya kwaya tulijifungia ukumbini, watu saba wazima wenye kazi zao, tukibishana juu ya dadu kama wabunge. Askari wa chuma walipopotea, mimi na Mutua tulichonga wengine kwa vipande vya jakaranda. Kila mtu akawa na askari wake na akampa jina.

Wangu nikamwita Nzioka.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Mama alikiona kile kinyago mezani, akauliza ni nani. Nilipomwambia, aliweka kijiko chini.

"Jina la aliyelala hupewa mtoto," alisema. "Kinyago hakizai. Mwondoe baba yako hapo."

Sikumwondoa. Nilijiambia kwamba Mutua ana tezo la mzee, basi acha nami niwe na jina lake. Ona ujinga huo! Mtu mzima wa miaka ishirini na sita!

Hata Mutua alinionya. "Bro, usimweke mzee kwa game," aliniambia. "Siku moja atadedi hapo halafu utaumia bure." Nikamwambia ashughulike na askari wake.

Basi, mwaka uliofuata ukaja mchezo wenyewe wa kompyuta. Karibu na karakana yetu Kariobangi palikuwa na chuo kimoja kidogo cha kompyuta, juu ya duka la vipuri. Mutua aliwachongea ubao wa jina lao, na mwenye chuo alipendezwa sana hata akawa anamwachia ufunguo Jumamosi mchana, wanafunzi wakishaondoka. Na humo ndani ya mashine moja, mwanafunzi fulani alikuwa ameleta diski zenye Vita vya Juu! Ni ile ile meli yetu na majoka yetu, lakini sasa huyasogezi kwa dadu. Unatembea humo gizani kwa macho yako mwenyewe, bunduki mkononi, na unayasikia yakikwaruza ukutani.

Sitasema uongo, nilipagawa. Kazini nilikuwa nachonga kifaru huku nawaza majoka. Mutua alitafuta waya akaunganisha kompyuta mbili, tukawa tunaingia pamoja, yeye mashine hii na mimi ile. Mchezo unakuuliza jina la askari wako. Nikaandika Nzioka.

Jumamosi yenyewe, karakana ilifungwa saa saba. Wenzetu wakaenda zao. Sisi tukabeba mifuko yetu ya vifaa, tukapanda ngazi, tukajifungia chuoni, wawili tu.

Tulicheza kama masaa mawili. Tuliua mpaka vidole vikafa ganzi. Joka likitokea mlangoni, Mutua analipiga risasi kichwani, jingine linaruka juu ya maiti ya kwanza, mimi nalichoma moto, ukuta mzima unakuwa mwekundu. Tulipiga kelele. Tulitukana. Jasho lilitutoka na mwili wangu wote ulitetemeka kwa raha, na niliona haya baadaye kukumbuka raha hiyo.

Tukafika mahali ambapo hatukuwahi kufika. Mbele yetu kulikuwa na mlango mzito wa chuma, na nyuma yetu yalikuwa yanakuja majoka yote ya meli. Mutua alikuwa na ule ufunguo tuliotumwa kuuchukua. Akaingia. Mimi nilikuwa hatua kama kumi nyuma, risasi zimeisha, napigana kwa ngumi.

"Nishikie mlango!" nikapaza sauti.

"Siwezi, manze! Nikikungoja tunadedi wote!"

"Nishikie mlango, Mutua!"

Akaufunga.

Niliyaona yakinijia yote pamoja. Yalimwangusha askari wangu chali, yakamrarua deraya, yakamtoa matumbo, na mimi nabonyeza na nabonyeza na hakuna kinachofanyika. Kisha kioo kikawa chekundu kote na maandishi yakatokea: Nzioka amekufa.

Na Mutua alikuwa ameruka kwenye kiti chake akishangilia. Tumeshinda! Mmoja ametoka na ufunguo, kwa hiyo tumeshinda, ndivyo sheria inavyosema. Akageuka akaona kioo changu, na kwa zile nderemo zake akacheka.

"Buda amededi tena!"

Hakuwa na nia mbaya kusema mzee amekufa tena. Leo najua. Mtu akishangilia mdomo hauna breki. Lakini wakati huo nilisikia jambo moja tu: amechukua tezo, amechukua sifa, na sasa amemfungia baba mlango na anacheka.

Mfuko wake ulikuwa wazi sakafuni kati yetu. Sikumbuki kuinama. Nakumbuka mpini mweusi umenijaa kiganjani, na nakumbuka nilifikiri, nao umenitosha vizuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umesharudi kwenye kibodi. Nikapiga.

Nilipiga mara moja tu. Lile tezo lilikuwa limenolewa asubuhi ile ile.

Jamani! Kukata mti na kukata mtu kunatoa sauti tofauti, na hiyo ya pili usiombe kuijua. Kidole cha shahada kilibaki kinaning'inia kwa ngozi. Chini ya kidole gumba pakafunguka mpaka nikaona kitu cheupe. Damu iliruka ikanipiga shingoni, ikaingia katikati ya herufi, ikachuruzika mezani. Kompyuta yake bado ilikuwa inapiga muziki wa ushindi.

Mutua hakupiga kelele. Aliangalia mkono, halafu akaniangalia mimi.

"Bro, umenikata," alisema polepole, kama mtu anayempasha mwenzake habari asiyoijua.

Nikaangusha tezo. Nikaanza kulia na kusema sijui nini. Yeye ndiye aliyesema tuvue shati langu tufunge. Yeye ndiye aliyekumbuka kuzima mashine. Nilipangusa meza, nikaiosha ile kibodi bombani kama sahani, maji yakatoka mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe. Na tukishuka ngazi, amejiegemeza kwangu, meno yanagongana, akaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

"Tukiulizwa, nilibaki karakana peke yangu nikateleza. Sawa? Mama amezika mume juzi. Asizike na wewe jela."

Nikasema sawa.

Kliniki walikitoa kile kidole. Gumba walilishona, lakini mshipa wa kulikunja ulikuwa umekatika, likabaki limesimama hivyo. Daktari alimuuliza imekuwaje. "Kazi," Mutua akajibu.

Sasa ungamo langu lenyewe linaanzia hapa, msomaji mwenzangu. Kupiga nilipiga kwa hasira, na hasira ni hasara. Lakini yaliyofuata niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu, kila siku, kwa miaka miwili.

Mchongaji asiyeweza kushika tezo ni nani? Karakana wakampa Mutua kazi ya kupiga msasa vinyago vya wengine na kuvipaka rangi ya viatu, kazi wanayoanzia watoto wa shule wakati wa likizo. Na wakamcheka! "Huyu ndiye fundi aliyejichonga mwenyewe." Mwenyekiti wetu wa karakana alimfanya mfano mbele ya wanagenzi, hivi ndivyo inavyokuwa ukifanya kazi mawazo yako yakiwa kwingine. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa nashika kinyago changu nakipuliza vumbi.

Hata kule chuoni, mwenye chuo alipokuta kibodi imekufa, Mutua alisema aliimwagia chai. Akanyang'anywa ufunguo.

Mama naye! Mama, ambaye ni mpole mpaka kuku humpanda mapajani, kwa jambo hili alikuwa mkali. "Baba yako alichonga miaka thelathini na akazikwa na vidole kumi," alimwambia Mutua mezani. "Alikufundisha nini wewe? Ulikuwa umelewa?" Mutua anatazama ugali wake. Mimi naomba niongezewe sukuma wiki.

Na siku moja Mama akaingia chumbani, akatoa lile tezo, akaniwekea mikononi. "Chukua wewe. Angalau wewe una uangalifu."

Nikalichukua! Mungu anisamehe, nililichukua. Nilikuwa nimelitamani miaka mingi, na nikalipata kwa kumkata mwenye tezo. Na unajua? Sikuwahi kuchonga kitu cha maana nalo. Nikilishika tu kiganja kinatoka jasho, na twiga wangu wanatoka na shingo zimepinda. Wateja walianza kuuliza yuko wapi yule kijana wa zamani. Nilikuwa nawajibu kwamba aliumia kazini.

Mutua akaoa. Mke wake akajifungua mtoto wa kiume, na kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu yake. Tulikusanyika kwao Jumapili, Mama, mimi, majirani watatu wanne. Mutua akamchukua mwanawe kutoka kitandani kwa ule mkono wake, gumba limesimama, kichwa cha mtoto kimelala kwenye mkono wa shoto. Alimshika vizuri. Nawaambia, alimshika vizuri kabisa.

Mama akaruka. "Lete hapa! Mkono huo ni wa kujikata, utamwangusha Nzioka wangu. Mpe kaka yako." Akamtwaa mtoto mikononi mwa baba yake, mbele ya watu, akanikabidhi mimi.

Mutua alirudi nyuma akaegemea ukuta, na ule mkono akauingiza mfukoni.

Hapo nikashindwa! Nikamshika yule mtoto, ni mzito wa joto kama mkate, na nikasema. Nilisema yote, vibaya, bila mpangilio, kompyuta, mlango, jina, tezo, shati, kliniki. Nilikuwa nangoja Mama anipige. Nilitaka anipige.

Hakunipiga. Alinitoa mtoto mikononi, akamrudisha kwa Mutua, akamwekea sawa. Kisha mama yangu, mwanamke wa miaka sitini mwenye magoti mabovu, akapiga magoti sakafuni mbele ya mwanawe wa mwisho na kumwomba msamaha. Miaka miwili ya maneno! Alikuwa anayarudisha moja moja, na Mutua anamwambia, "Mama inuka, Mama, tafadhali inuka," na hawezi kumwinua kwa sababu amebeba mtoto.

Mimi nikatoka nje. Hakuna aliyeniita.

Baadaye Mutua alinifuata mpaka kwenye ngazi. Nikaanza kusema pole, akanikata kauli.

"Pole ulishasema siku ile, ukiniosha damu. Mimi nilikuwa nangoja useme kwa Mama. Kila siku nikiamka nilikuwa najua, leo atasema. Nimekungoja mpaka nimepata mtoto." Akageuka kurudi ndani. "Saa hii sina nguvu ya kufurahi, bro. Enda tu."

Sasa naishi chumba kimoja Kariobangi, nabeba mabati ya mafundi wa jua kali. Tezo nilimpelekea, alilipokea kwa mkono wa shoto na kufunga mlango taratibu. Kwa Mama nakwenda Jumapili. Ananipakulia chakula lakini hakai nami mezani. Tunasalimiana na Mutua. Ndugu tulikuwa, sasa tunajuana.

Vijana wenzangu, chezeni mnavyotaka, mimi siwakatazi kompyuta. Lakini ukiona mchezo umekukalia rohoni, ondoka kwenye kiti kabla hujainua mkono. Na marehemu wenu waacheni walale, msiwape bunduki.

Na wewe ambaye umeshafanya lako, na kuna mtu amekusitiri, usidhani amesahau. Usidhani amekusamehe kwa sababu amenyamaza. Anasikiliza kama mlango utabishwa. Anakungoja useme. Nenda leo, angali anangoja!