Kumshushia Mama Mkwe Pikipiki

Pikipiki yangu ilikuwa imeinuliwa nyuma kama panzi anayetaka kuruka. Fundi mmoja wa Mpanda alikuwa ameniongezea vipande viwili vya chuma chini ya shokapu, kulia na kushoto, ili nibebe magunia ya mpunga bila tairi kusugua madigadi. Ilipendeza. Nikipita sokoni, hata kuku walisimama kutazama.

Ubaya wake, siti ilikuwa inateremka kuja kwa dereva. Gunia ukilifunga halina neno. Abiria, ukishika breki tu, anakuja mgongoni kwako mzima mzima.

Na asubuhi ile abiria alikuwa mama mkwe.

Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Mpanda mjini, na hiyo ilikuwa siku yao ya mwisho. Mama alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, watu akiwatambua kwa sauti tu. Gari la kutoka Ugalla alilokuwa akilitegemea halikutokea. Mke wangu alikuwa Mpanda na kichanga chetu, akanipigia simu nikiwa njiani kwenda kwao: "Mwisho wa kupokea wagonjwa ni saa sita. Mlete. Ila usije ukamgusa mama."

Kwao mkwe hamgusi mama mkwe. Mkono hampeani, sahani hamchangii, na kigoda alichokalia yeye, wewe unasubiri kwanza kipoe.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nilimkuta uani. Ana mwili wa trekta, na pikipiki anaijua ikiwa imezimwa tu. Nikamwambia akae nyuma tujaribu. Tukazunguka uwanja, nikashika breki, akanijia mgongoni kwa kishindo.

"Shemeji," aliniambia sikioni, "huku si kubebwa, huku ni kuposwa."

"Basi twende wote, wewe ukae katikati."

"Mimi, mama na wewe? Hilo tairi litalala chini kama mbwa."

Mama alikuwa amekaa mlangoni, kitenge kipya ameshajifunga, uso ameuelekeza upande mwingine. "Mwambieni mkwe," alisema, kana kwamba mimi niko Tabora, "kama ndiyo hivyo, nabaki na giza langu. Nimeshalizoea."

Nikatoa spana.

Tuliegemeza injini juu ya mzinga mkavu wa nyuki mpaka tairi la nyuma likaning'inia. Chuma cha kushoto kilitoka kama jino la mzee. Bolti ya kulia ilikuwa imeshikwa na kutu. Nilivuta mpaka nikaona nyota mchana, nyingine za Burundi. Nikaimwagia mafuta ya kupikia. Wapi. Na upande mmoja ukiwa juu, mwingine chini, huwezi kupanda. Pikipiki itatembea kama kaa.

Simu ikaita. "Mko wapi?"

"Tuko njiani," nilimjibu mke wangu.

"Njia gani hiyo?" shemeji akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka Mpanda.

Akaja mwenyewe, akaweka mguu juu ya spana, akakanyaga. Kikalia kitu, kwaa. Tukatazamana. Kama bolti imekatikia ndani, safari imeishia pale. Nikaishika kwa vidole, nikaizungusha taratibu. Ikaja.

Nikafunga shokapu mahali pake pa zamani, nyuma ikashuka vidole vinne, siti ikalala. Nilikuwa nimeshawasha nilipoangalia cheni: imekaza kama ngozi ya ngoma. Ilipimwa nyuma ikiwa juu. Mama angekaa pale, ingekatika kwenye shimo la kwanza. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, fizikia nimefundishwa umeme ukiwa umekatika, lakini hilo nililiona. Nikazima, nikalegeza ekseli, nikasogeza tairi mbele. Nikaikaza tena, nikawasha.

Mama akapanda, amekaa upande, blanketi limekunjwa katikati yetu. Nadhani sikupumua mpaka tulipofika lami. Kabla ya hapo, kwenye kona moja, ng'ombe walitoka porini, wengi wa kukausha Ziwa Tanganyika. Nikashika breki. Nikakaza mgongo, nikangoja. Blanketi likanigusa, likaishia hapo. Nyuma yangu nikasikia mama anashusha pumzi.

Hospitali, nesi alikuwa anafunga mlango.

"Haya, huyu wa mwisho. Mshike mkono, kuna ngazi hapo."

Nikasimama.

"We kaka, si nimekwambia mshike? Madaktari wanaondoka."

Nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Nikanyoosha tena. Mama akavua mtandio kichwani, ncha moja akaizungusha kiganjani, nyingine akairusha upande niliokuwepo. Nikaidaka.

"Twende, mkwe," alisema. "Ila usivute. Mimi si mbuzi."