Homa ya Sipiyu

Kompyuta yangu ya kwanza ilianza kuzimika yenyewe siku ya Jumanne, na ripoti ya binti wa chuo ilitakiwa Ijumaa saa sita mchana. Naanzia hapo hapo, maana kabla ya hapo nilikuwa na amani yangu.

Ilikuwa miaka ile ya viwanda kuuzwa. Kiwanda nilikokuwa karani mpiga chapa kilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akasema wapiga chapa wamezidi. Wenzangu walipopunguzwa walinunua cherehani, wengine wakafungua genge la nyanya. Mimi, kwa ubishi wangu, nikanunua kompyuta ya mtumba iliyotoka Ulaya kupitia Dar, nikaiweka chumba cha mbele cha nyumba yetu Bigwa, na mlangoni nikaandika kwa rangi nyekundu: TUNACHAPA KILA KITU. Mume wangu, fundi wa matrekta, akauliza kama na watoto wamo.

Binti mwenyewe alikuwa mwaka wa mwisho kule chuoni Mazimbu. Aliandika juu ya akina mama wanaoshusha ndizi kutoka kwao Matombo, na mama yake alikuwa mmoja wao. Mwandiko wake, jamani! Sisimizi waliotoka kilabuni. Maduka ya kuchapa ya mjini yalimkatalia, yakasema kazi ni nyingi, lakini mimi najua ni ule mwandiko. Nilimpokea kwa sababu kwanza nilihitaji kazi, na pili alinisalimia vizuri. Asingepeleka ripoti Ijumaa ile angesubiri mwaka mzima, na mjomba wake aliyekuwa akimlipia ada alishasema wazi kwamba mwaka wa ziada hana. Wakati huo mama yake alikuwa ameshatangazia parokia nzima kwamba mwanawe anamaliza.

Basi Jumanne hiyo nipo ukurasa wa thelathini, kioo kikawa cheusi. Pu! Nikawasha, dakika kumi, pu! Kila ikizima inameza aya nzima ambayo sijaihifadhi. Nilitukana, sikatai. Binti alikuwa amekaa pembeni anasoma kwa sauti ili mimi nipige, akaanza kung'ata kucha.

Mume wangu aliporudi kazini akafungua sipiyu, ndivyo tulivyoliita lile kasha lote. Ndani kulikuwa na vumbi la kupanda mchicha. Kuna kidude kinaitwa prosesa, ndicho ubongo wa mashine, na juu yake kinakaa chuma chenye mapezi mapezi na kifeni cha kukipooza. Kifeni kilikuwa kimeganda. Mume wangu akagusa chuma, akarudisha kidole haraka akakitia mdomoni.

"Rejeta imekufa," akasema. "Hata trekta la Massey halitembei bila rejeta ya kulipooza."

Tukajaribu kuipepea na feni ya mezani. Ikapeperusha kurasa za binti chumba kizima, hadi chini ya kabati, na mashine ikazima vile vile.

Jumatano alasiri, baada ya saa za kazi, tukaenda mjini, mimi na mume wangu, kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko. Sikwenda mikono mitupu. Nilipima kwa uzi kutoka kwenye prosesa hadi mfuniko wa kasha, nikafunga fundo, maana mimi si mtu wa kuuziwa kitu kisichoingia. Muuzaji alikuwa Mnyamwezi mwenye maneno mengi. Alipojua mimi ni Mluguru, basi, tukawa watani palepale, na mtani akikuuzia kitu atakuuzia na matusi juu.

Akaweka vifeni vitatu mezani, kila kimoja na chuma chake. Cha kwanza cha shaba tupu, kinang'aa kama sinia la harusi, kizito kama pasi ya mkaa. Mume wangu akakikumbatia. "Hiki ndicho," akasema, "hiki kitapooza hata trekta." Nikanyoosha uzi wangu. Kilipita fundo kwa vidole viwili, na bei yake ilinitoa macho. Nikamnyang'anya nikakirudisha. Cha pili kilikuwa kimetumika, bei ya kutupa, lakini muuzaji alipokiunganisha na umeme kililia kama mashine ya kusaga. Cha tatu kilikuwa cha bati jepesi, kipya ndani ya boksi lake. Kilikuwa chini ya fundo, na vishikizo vyake vilifanana na vile vya kidude cha zamani nilichokuja nacho kwenye kikapu. Nikakipuliza kwa mdomo. Kifeni kikazunguka kimya, kikaendelea kuzunguka hata nilipoacha kupuliza. Nikapuliza tena. Nikapuliza na kile cha kilio ili nilinganishe.

"Mtani, unanunua feni au unachagua mchumba?" muuzaji akauliza.

"Mchumba nilimchagua bila kupima," nikamjibu, "ndiyo maana sasa napima."

Mume wangu akakohoa. Tukachukua kile cha bati.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, na nausema mwenyewe kabla mume wangu hajawasimulia kwa namna yake. Nyumbani kwetu kochi lilikuwa na mwaka wa tatu ndani ya nailoni yake. Ukilikalia wakati wa joto, ukisimama linasimama nawe. Rimoti ya televisheni ilikuwa ndani ya nailoni. Godoro la wageni, nailoni. Kitu kipya unakitunza. Mtu anayechana nailoni siku ya kwanza tulimwona hana malezi. Kile kifeni chini yake kilikuwa na dawa, kitu kama grisi nzito, ya rangi ya bablishi, imefunikwa na kinailoni laini kizuri, hakina hata kunyanzi.

"Hii ya chini si itolewe?" mume wangu akauliza.

"Itolewe ili ichubuke? Ndiyo maana mashati yako hayamalizi mwezi."

Akainua mikono. Nikakibana kifeni mwenyewe, na nailoni yake, nikafunga kasha, nikamwita binti. Kifeni kikazunguka vizuri kabisa. Nikapiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne sikuumaliza. Pu! Kile cha zamani kilichokufa kilikuwa kinanipa dakika kumi. Hiki kipya hakikunipa hata tatu. Binti akaanza kulia bila sauti, machozi yanadondokea ndizi zake ukurasa wa thelathini na moja. Duka lilikuwa limeshafungwa.

Alhamisi duka linafunguliwa, mimi nipo mlangoni. Nimekifungua kifeni nimekitia kikapuni, na hotuba nimeiandaa njia nzima.

"Nirudishie hela yangu!" nikapaza sauti, wateja wakageuka. "Mnyamwezi wewe, umemwuzia Mluguru takataka! Mtoto wa watu anafukuzwa chuo kwa ajili yako!"

"Mtani, nione kwanza," akasema.

Nikakigeuza mbele ya kadamnasi. Kinailoni kilikuwa bado kipo, kimejikunja kidogo, katikati kina alama ya mraba ya ile prosesa. Muuzaji akakitazama. Akanitazama mimi. Akaita mtu wa duka la jirani aje naye atazame.

"Mtani," akasema taratibu, "umempa mgonjwa wa homa feni, halafu umemfunika blanketi. Dawa inatakiwa igusane na prosesa yenyewe. Hiki kinailoni ndicho kinachozuia joto kutoka." Akakibandua kwa ukucha, kikatoka kwa sauti ndogo kama busu. "Na kochi lako nalo lina nailoni, eti?"

Duka zima lilicheka, na mimi ningekuwa upande wa pili wa meza ningecheka pia. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini aliifuta kwa pamba ile dawa iliyokwisha kuharibika, akanipimia badala yake grisi nyeupe kwenye kikaratasi, kiasi cha punje ya maharage, akanionyesha namna ya kuipaka, na hakunidai kitu. Utani ndivyo ulivyo: anakuaibisha, kisha anakusaidia.

Nyumbani nikakifunga tena kifeni saa nne asubuhi. Mashine haikuzima. Tulichapa mchana kutwa, binti anasoma, mimi napiga, uji tunakunywa hapo hapo. Kila nikifika mwisho wa ukurasa naweka kiganja ubavuni mwa kasha, na kasha ni la uvuguvugu tu. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, nikaimba hata nyimbo za kwaya ambazo sizijui.

Ripoti ilifika Mazimbu Ijumaa saa tano kasoro, na mwezi wa kumi na moja nilikula pilau ya mahafali kwa mama yake Matombo, barabara imenivunja kiuno. Lakini ninachotaka kusimulia ni dakika tano kabla binti hajaondoka kuipeleka. Mume wangu alikuwa nje na pikipiki ya kuazima, anapiga honi. Ulibaki ukurasa mmoja, wa shukrani. Binti akautaja kwa kichwa: Mungu, mama, mjomba, mwalimu wake. Kisha akasema, "Na mpiga chapa wangu. Weka jina lako, mama, lote, mpaka la baba yako."

Nikamwambia aache mambo yake, muda unakwenda. Akakunja mikono. "Basi siondoki."

Kiwandani nilipiga barua miaka kumi na moja. Chini ya kila barua, baada ya herufi za bosi, niliweka herufi zangu mbili, ndogo, ili kosa likionekana wajue wa kumgombeza. Jina langu kamili nililiona limechapwa mara moja tu, kwenye barua ya kunipunguza.

Honi ikalia tena. Nikalipiga, herufi moja moja, kwa kidole kimoja kama mwanafunzi, maana nilikuwa nalia na sikuziona vizuri. Ukurasa ule niliutoa kwenye printa mara mbili. Chuoni ulikwenda mmoja.