Siku Niliyonyamazisha Vugo

Nakumbuka alasiri niliyowanyamazisha waimbaji ndani ya gari la harusi, na sijutii hata chembe. Bibi harusi alikuwa jirani yangu, nyanya yako wewe, mwanangu, ndiyo maana nataka ukae hapa kibarazani kabla hujanirudia tena maneno ya yule fundi wako wa magari wa Ukunda.

Gari lilikuwa la baba yangu, kuukuu kama hilo lako ulilolileta jana likinguruma mpaka kuku wangu wakatawanyika. Baba alikuwa akibeba wageni wa hoteli za Diani, na miguu ilipoanza kumvimba, usukani nikaushika mimi. Nilikuwa msichana bado. Wanaume wa mtaani walikuwa wakisimama kunitazama nikirudisha gari nyuma, wakiomba nigonge ukuta. Sikugonga.

Siku ile tulikuwa tunampeleka bibi harusi Majoreni kwa mumewe. Alikaa nyuma, kafunikwa gubigubi, kabanwa na shangazi zake, na somo wake aliyemfunda, Bi Saumu, akiongoza vugo, wote wakigonga pembe na kuimba kwa vigelegele. Kando yangu alikaa Mzee Hamisi, mjomba wa bwana harusi, ambaye tangu Ukunda alikuwa akinifundisha kuendesha gari na yeye mwenyewe hajapata kuendesha hata mkokoteni. Pikapu ya magodoro na masufuria ilitufuata.

Tulipoipita Msambweni nikasikia kitu chini ya zile nyimbo. Ilikuwa ngurumo nzito, ikipanda nikiongeza mwendo, ikishuka nikipunguza. Nikatoa gia, gari likateleza lenyewe, na ngurumo ikabaki vile vile. Basi haikuwa injini. Tukaingia kwenye kipande cha lami mpya, ambapo mvumo wa matairi hupungua, nayo haikupungua. Sasa nilitaka kujua inatoka upande gani.

"Naomba mnyamaze kidogo," nikasema.

"Mwanatumu, una wazimu?" akafoka Bi Saumu. "Bibi harusi apelekwe kimya kama maiti? Hiyo ni nuksi!"

"Kidogo tu, Bi Saumu, tafadhali."

Wakanyamaza kwa hasira. Barabara ilikuwa tupu, nikaliyumbisha gari taratibu. Nikipinda kulia, uzito unalalia kushoto na ngurumo inapanda. Nikipinda kushoto, inafifia. Nikamwomba shangazi mmoja mnene aliyekaa kushoto ajisogeze kulia. Alinisonya, akajisogeza, na sauti ikapungua. Hapo nikajua kwamba beringi ya gurudumu la nyuma kushoto, ile inayolishikilia gurudumu likizunguka, imekwisha. Na mbele yetu kulikuwa na daraja la Ramisi.

"Nasimama," nikasema.

"Husimami!" Mzee Hamisi aligeuka mzima mzima. "Gari kuukuu halikosi kelele. Watu wanatungoja. Washa redio, binti, uendeshe."

Nilimwogopa, sikufichi. Alikuwa mtu mzima, na mimi sikuwa na wa kunitetea mle ndani. Mguu wangu ulikuwa bado haujaamua uende kwenye breki au kwenye mafuta. Bibi harusi naye, wajua, siku ile hasemi. Huinamisha kichwa akapelekwa. Lakini nyanya yako alisema.

"Simamisha, Mwanatumu. Mimi ndiye niliyemo humu."

Nikasimamisha. Nilimwambia Mzee Hamisi aguse katikati ya rimu kama anaona nasema uongo. Aliweka kiganja, akakiondoa upesi huku akipiga kelele, maana palikuwa pa moto kama jiko. Tukaweka jeki, na gurudumu likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Hakuniomba radhi. Alisema wanawake tumeleta mkosi, akaenda zake kukaa kivulini na kiganja chake. Nyanya yako akapanda pikapu, akakaa juu ya magodoro kati ya masufuria, Bi Saumu akaanzisha vugo upya, na bibi harusi akafika kwa mumewe mzima na vumbi la njia nzima usoni.

Msimu ule hakuna aliyenikodi tena kwa harusi. Majoreni wako wanaoniita mpaka leo yule dereva aliyemshusha bibi harusi njiani. Na waniite. Nilimshusha, na ningemshusha tena.

Sasa fundi wako anakwambia, "Gari ya kitambo lazima ilie, mum, weka mziki tu." Mwanangu, gari kuzeeka si sababu ya kelele, kelele ina mahali inapotoka, na patafutwe. Zima redio. Sikiliza likipanda mwendo, sikiliza ukitoa gia, sikiliza ukipinda. Ukishasikia, simama, hata kama garini mna mzee mwenye haraka na somo mwenye hasira. Atakayekucheka na akucheke, wewe ukiwa umesimama salama kando ya njia.

Kesho asubuhi unataka kumpeleka nyanya yako kliniki Msambweni kwa gari hilo. Mimi nitatangulia kufika mlangoni kwenu. Kama bado linanguruma, nitamshusha, na safari hii sitangoja aniambie.

Mola akujaalie masikio makali, mwanangu, na shingo ngumu ya kuyatetea uliyoyasikia. Amina. Haya, nenda kainue jeki.