Mtu Aliyekufa Kila Alasiri

Mimi nimejitengeneza mwenyewe. Nilifika Birmingham, Uingereza, na begi moja, nikaosha vyombo mtaa wa Handsworth, nikasoma jioni hadi nikapata diploma ya umeme. Kabla sijarudi kwetu Voi kwa kudumu nilikuwa na nyumba yangu mtaa wa Stechford, karibu na stesheni. Huko ndiko nilikomleta mama, aone mwanawe amefika wapi.

Hakuona. Usahaulifu ulikuwa umemwanza. Siku ya kwanza aliniita daktari. Kesho yake nikawa mwenye nyumba, akaniomba nisimfukuze. Mimi, kitinda mimba wake!

Kila alasiri alitazama filamu za zamani za Hollywood, zile zisizo na rangi. Kiingereza hakujua, lakini mtu mmoja alimjua: mwanamume mwembamba mwenye sikio lililojikunja.

"Kaja tena," alisema. "Leo kavaa ndevu. Anadhani simjui?"

Nilichunguza, maana msomi habahatishi. Alikuwa mwigizaji wa nafasi ndogondogo, mtu wa mkataba wa studio: asubuhi mhudumu wa baa, adhuhuri jaji, jioni maiti. Maisha yake yote hakupewa nafasi ya bwana harusi, na jina lake lilikaa mkiani mwa orodha. Alikufa kabla sijazaliwa.

Nilipomwambia mama, alicheka. "Hata jana alikufa. Mbona leo kaja?"

Akaanza kumwekea kikombe cha chai mezani, upande wa runinga.

"Mama, hicho cha nani?"

"Cha kitinda mimba wangu. Walimchukua Ulaya. Kila siku wanamuua, na kila siku anarudi kunisalimu."

Kwenye runinga yule mtu alikuwa ameegemea kaunta, akitutazama.

"Na mimi ni nani?"

"Wewe si fundi wa umeme? Maliza uende zako."

Tikiti za kurudi Voi zilikuwa tayari; ilibaki wiki moja. Nyumba niliyoijenga kule ni ya ghorofa. Sikutaka aingie humo akiwa ameshikwa mkono na fundi.

Alasiri iliyofuata yule mtu alipigwa risasi. Alishika pazia, akageuka nusu, akaanguka kwa ubavu, kiganja chini ya shavu. Ndivyo alivyokufa siku zote, nilikuwa nimekariri. Nikashika pazia langu, nikageuka nusu, nikaanguka kwenye zulia.

Mama, ambaye hakuwahi kuinuka bila kushikwa, aliinuka. Alifungua leso aliyojifunga kiunoni akanifunika hadi kidevuni.

"Pole, kitinda mimba wangu. Basi. Usirudi tena kule."

Nilitulia pale hadi filamu ikaisha.

Wiki yote iliyobaki tulitazama filamu kila alasiri. Nilimtafuta yule mwigizaji nyuma ya kila kaunta, katika kila mahakama, chini ya kila shuka. Hakuonekana, wala mama hakumuulizia. Alisukuma kikombe kuelekea kwangu.

"Kunywa, mwanangu. Imeanza kupoa."